Mji wa Kwenda kwa Miguu: Historia ya Ukaribu katika Mji Mkongwe wa Unguja

Mgeni anayepanga fleti kwa siku chache katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja, iwe Shangani, Hurumzi au Kiponda, huelezwa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba kila kinachostahili kutazamwa kipo karibu na gari halitahitajika. Maelezo hayo ni ya kweli. Eneo lote lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 lina hekta 96, yaani halifiki kilomita 1 ya mraba, na ndani yake mmebanana Ngome Kongwe, majumba ya masultani, makanisa makuu mawili, misikiti ipatayo hamsini, mahekalu ya Wahindu, hamamu, masoko na mamia ya nyumba za mawe za karne ya 19. Ukaribu huo, ambao leo hutajwa kama sifa ya nyumba ya kupanga, ulikuwapo zamani kabla ya utalii kujulikana kisiwani. Ulizaliwa na umbo la ardhi, ukalelewa na biashara ya forodhani, ukaimarishwa na utawala na dini, na kwa muda wote huo ukawa na mpaka wake, kwa sababu mji uliowaweka matajiri karibu na kila kitu uliwaweka wengi wa wakazi wake upande wa pili wa maji.

Mji ulisimama juu ya rasi ya Shangani, ulimi wa ardhi wenye umbo la pembetatu unaochomoza baharini upande wa magharibi wa kisiwa, na upande wake wa mashariki ulizungukwa na hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kutokea kaskazini na kujaa na kupwa pamoja na maji. Hori hilo lilikaribia kuikuta tena bahari upande wa kusini, karibu na Mnazi Mmoja, hivi kwamba wakati wa bamvua mji ulikuwa karibu kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Penye daraja la kuvukia ndipo pakaitwa Darajani, na ardhi ya upande wa pili ikaitwa Ng'ambo. Mji uliofungwa namna hiyo haukuwa na mahali pa kutanukia isipokuwa kwenda juu na kujibana, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ghorofa zake na ya vichochoro vyake, ambavyo baadhi haviruhusu watu wawili wenye mizigo kupishana.

Kabla ya kuwa mji wa mawe, rasi hiyo ilikuwa na kijiji cha wavuvi na makao ya watawala wenyeji, na katika karne ya 17 Mwana Mwema na baada yake Fatuma walitawala hapo wakiwa malkia. Wareno walijenga kanisa dogo ufukweni mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Baada ya Waomani kuwashinda Wareno huko Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698, walijenga ngome mahali pa kanisa hilo ili kuilinda pwani dhidi ya Wareno kurudi na dhidi ya mahasimu wao wa Mombasa. Ngome Kongwe ya leo, yenye kuta nene na minara ya duara, ndiyo iliyotokana na ujenzi huo, na kazi zake zimebadilika kila utawala ulipobadilika. Katika karne ya 19 ilikuwa gereza, mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika kwa shughuli za reli iliyokwenda Bububu, na tangu ilipokarabatiwa katika miaka ya 1990 uwanja wake wa ndani umekuwa jukwaa la Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi na la Sauti za Busara.

Kilichoubadilisha mji kuliko ngome ni forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alianza kukaa Unguja kwa vipindi virefu katika miaka ya 1830, na kufikia 1840 makao yake yalikuwa yamehamia huko kutoka Muscat, akivutwa na bandari nzuri, mashamba ya karafuu na biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyofika hadi maziwa makuu. Serikali yake haikuwa na makarani wa kutosha kukusanya ushuru, kwa hiyo forodha ilikodishwa kwa tajiri mmoja ambaye alimlipa sultani kiasi maalumu kila mwaka na kilichozidi kikawa faida yake. Nyumba ya Jairam Shivji, familia ya wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch, ilishika ukodi huo kwa muda mrefu, nayo ikawa yenye nguvu kuliko maofisa wengi wa dola. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani, na mwaka 1837 Marekani ikawa nchi ya kwanza ya kigeni kufungua ubalozi mdogo mjini, ikafuatwa na Uingereza mwaka 1841 na Ufaransa mwaka 1844.

Ukaribu unaofurahiwa na mgeni wa leo ulianzia hapo. Kila kitu kilichoingia au kutoka kilibebwa na mahamali, ama kichwani ama kwa miti iliyowekwa mabegani, na kila hatua iliyozidi kati ya chombo na ghala ilikuwa gharama. Ndiyo maana maghala, nyumba za mabalozi na majumba ya watawala yalisongamana mbele ya maji, kati ya Shangani na Malindi. Nyuma yao, katika mitaa ya Hurumzi, Kiponda na Mkunazini, Wahindi walijenga nyumba za aina yao, chini duka lililofunguka barabarani kwa milango ya mbao ya kukunjwa, juu makazi ya familia. Waarabu wenye mali walijenga nyumba zilizoipa barabara mgongo, zenye kuta tupu nje na ua wa wazi ndani, ambamo wanawake wangeweza kuendelea na shughuli zao bila kuonwa na wapita njia. Mtu anayetembea kutoka Forodhani hadi Darajani kwa robo saa hupita kwenye tabia zote mbili za ujenzi, na mahali pengi nyumba za namna hizo zimeegemeana ukuta kwa ukuta.

Ujenzi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio unaoeleza chumba anacholala mgeni. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yakaunganishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo na kuiacha ipoe na kulowa kabla ya kutumiwa. Unene wa kuta mara nyingi hufikia nusu mita au zaidi, na humo ndimo yalimotengwa matundu ya kuwekea taa, vyombo na vitabu. Dari zilishikiliwa na boriti, yaani fito nene za mikoko zilizoletwa kwa majahazi, nyingi kutoka delta ya Rufiji, na kwa kuwa boriti haina urefu wa kutosha kuvuka nafasi pana, chumba hakikuweza kuzidi upana wa takriban mita 3. Hivyo fundi aliyetaka ukumbi mkubwa aliurefusha bila kuupanua, na matokeo yake ni vile vyumba virefu na vyembamba ambavyo wageni huvishangaa. Juu ya boriti yalipangwa mawe madogo, na juu ya mawe zege ya chokaa iliyopondwa kwa siku kadhaa hadi ikashikana.

Nyumba ya namna hiyo hupumua. Chokaa hupokea unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na hudumu muda wote paa lisipovuja, maana maji yakipata njia boriti huoza mahali zilipoingia ukutani na dari hushuka. Kupaka ukuta huo saruji, kama ilivyofanywa katika nyumba nyingi kwa nia ya kuziimarisha, ni kuufungia unyevu ndani, na mafundi wa hifadhi wametumia miaka mingi wakiibandua saruji hiyo na kurudisha chokaa.

Nje ya nyumba, heshima ya mwenyewe ilitangazwa na mlango. Fremu yake ina miimo miwili, yaani nguzo za pembeni, na kizingiti cha juu, na katikati pana mfaa, ubao uliosimama ambao hufunika mahali mbao mbili za mlango zinapokutana. Katika milango ya mtindo wa zamani wa Kiarabu kizingiti hukaa mraba na mara nyingi hubeba maandishi ya Kurani au mwaka wa Hijria, ilhali milango ya baadaye, yenye athari za mafundi wa Kihindi, ina upinde juu na maua yaliyojazana. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka ni desturi iliyotoka India. Kando ya mlango hukimbia baraza, yaani benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, ambapo mwenye nyumba aliweza kumpokea mgeni wa kiume bila kumwingiza ndani, na ambapo hadi leo wazee hunywa kahawa, hucheza bao na kujadili siasa. Mabaraza hayo yalifanya mji mzima kuwa chumba kimoja cha mazungumzo, na pengine hakuna kitu kingine mjini humo kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini watu walistahimili kuishi wamebanana vile.

Mtawala aliyeacha alama nyingi zaidi ndani ya hekta hizo ni Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Sehemu ya ujana wake ilipita akiwa uhamishoni Bombay, na aliporudi alitaka mji wake uwe na yale aliyoyaona huko. Alileta maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, neema kubwa kwa mji uliokuwa umetoka kupigwa na kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, kisha na tufani ya mwaka 1872 iliyozamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Alijenga hamamu, yaani bafu la umma lenye vyumba vya maji moto na baridi, katika mtaa ambao kwa sababu hiyo ukaitwa Hamamni. Na mwaka 1883 alikamilisha Beit al-Ajaib, jumba la sherehe lenye vibaraza vipana vilivyoshikiliwa na nguzo za chuma, ambalo baadaye lilipata umeme na lifti kabla ya vitu hivyo kujulikana kwingi katika Afrika Mashariki. Jumba hilo liliwekwa kati ya Ngome na kasri nyingine, mbele kabisa ya bahari, ili kila nahodha aliyeingia bandarini alione kabla ya kuona kitu kingine.

Mahali palepale pa mbele palilifanya liwe shabaha. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka katika kasri aliyoishika siku mbili nyuma baada ya kifo cha Sultan Hamed bin Thuwaini, manowari za Uingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, zikaharibu kasri za jirani na mnara wa taa uliokuwa mbele, na kuua au kujeruhi watu wapatao mia tano. Kasri iliyojengwa upya hapo ndiyo iliyokaliwa na masultani hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964, ikaitwa Jumba la Wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho ambamo chumba kimoja kimetengwa kwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyekimbilia Ujerumani na kuandika kumbukumbu za maisha yake. Beit al-Ajaib ilipata mnara wake wa saa baada ya mizinga hiyo. Miaka mingi ya paa kuvuja ilifanya kile ambacho manowari hazikukifanya: sehemu ya vibaraza ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mzima wa mbele uliporomoka pamoja na mnara na kuua mafundi wawili.

Kutoka hapo hadi Mkunazini ni mwendo wa dakika kumi, na ni umbali ambao historia yake ni nzito. Mkunazini palikuwa na soko la watumwa la mwisho mjini, lililofungwa kwa mkataba ambao Barghash alilazimishwa na Uingereza kuutia saini tarehe 5 Juni 1873, huku manowari zikitishia kuifunga bandari. Ndani ya mwaka uleule Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati iliweka jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana mahali hapo. Askofu Edward Steere, mwanazuoni wa Kiswahili aliyetunga kitabu cha kufundishia lugha hiyo, alisimamia ujenzi mwenyewe, na paa la kuba ndefu lilimiminwa kwa mchanganyiko wa matumbawe yaliyopondwa na saruji bila nguzo za katikati, jambo ambalo wengi hawakuamini lingesimama. Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu. Msalaba wa mbao uliomo kanisani unatokana na mti wa kijiji cha Chitambo ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone.

Wageni huingizwa pia katika vyumba vya chini ya ardhi jirani na kanisa na kuambiwa kwamba humo watumwa walifungiwa kabla ya mnada. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa, na baadhi ya wanahistoria wamehoji kama vyumba hivyo viliwahi kuwa magereza ya watumwa. Hoja yao inastahili kusikilizwa, wala haipunguzi uzito wa mahali penyewe, kwa sababu kwamba watu waliuzwa Mkunazini ni jambo lisilo na shaka, na kwamba hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa, linaumiza kuliko hadithi yoyote ya shimoni. Makumbusho ya kweli ya biashara hiyo ni pana zaidi. Ni majumba ya Shangani, likiwamo la mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, na ni mikono ya watumwa iliyobeba mawe na kuponda chokaa ya dari ambazo chini yake wageni hulala.

Uzi mwingine uliouweka mji pamoja ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya Mungu ambayo haiuzwi wala hairithiwi, na ambayo pato lake huendesha msikiti, madrasa au kuwasitiri jamaa na maskini. Nyumba nyingi za mji zilifungwa wakfu, na kwa kuwa haziwezi kuuzwa, zimebaki mahali pake wakati nyingine zikibadilisha mikono. Tangu mwaka 1905 usimamizi wake umekuwa chini ya kamisheni ya serikali. Moyo uo huo wa kutoa ulikuwapo kwa wafanyabiashara wa Kihindi: Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, alianza mwaka 1887 kujenga hospitali ya hisani mbele ya bahari karibu na Malindi. Alifariki kabla haijakamilika, na jengo lile lenye vibaraza vya mbao vilivyotobolewa kama lesi likaja kuwa zahanati chini ya mfuko wa hisani mwingine. Liliharibika baada ya 1964 na kukarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni katika miaka ya 1990.

Bandari mpya ya Malindi ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, shughuli za forodha ziliondoka mbele ya Ngome, na uwanja uliobaki ukageuzwa kuwa bustani mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub. Forodhani ya mishikaki, urojo na vijana wanaoruka majini jioni ni ya baadaye, na wakazi wenyewe huifurahia sawasawa na wageni.

Upande wa mashariki, historia ilikwenda kinyume. Ng'ambo ilikaliwa na watumwa waliokombolewa, mafundi, wavuvi, mahamali na wahamiaji kutoka bara na Komoro, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa tayari na watu wengi kuliko mji wa mawe. Nyumba zake zilijengwa kwa fito, udongo na makuti juu ya viwanja ambavyo wengi walidhani wamepewa kuishi tu, hadi wenye ardhi walipoanza kudai kodi. Mpango wa mji uliotayarishwa na mtaalamu wa mipango miji Lanchester mwaka 1923 uliendeleza fikra za kikoloni za kuutenga mji wa mawe na mji wa udongo, na mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyeishi huko, alisafiri Bombay kurekodi nyimbo zake, na sauti yake ikarudi Unguja kupitia santuri. Hori lenyewe lilifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, likawa barabara, viwanja na bustani, lakini mpaka ulibaki vichwani mwa watu.

Mapinduzi yalivuka mpaka huo kwa nguvu. Nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa, wenye nyingine wakaondoka, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikawekwa humo, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba moja bila fedha za kuitunza. Serikali ya mapinduzi ya Rais Karume ilielekeza nguvu zake Ng'ambo, ambako kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yalijengwa majumba ya ghorofa ya Kikwajuni, Kilimani na hatimaye Michenzani, yakiwapa wananchi wa kawaida umeme, maji na vyoo vya ndani. Mji wa mawe ukabomoka polepole mpaka ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mwaka 1985. Nyumba zilianza kuuzwa na kukarabatiwa, na wageni wakaja kwa wingi. Fedha zao zimeokoa dari nyingi. Hata hivyo kila nyumba inayokatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha kwa usiku huondoa baraza moja lenye watu, na mtaa usio na wakazi hauna wa kuusimulia.

Anayetaka kuuelewa mji huu kwa miguu hana budi kuvuka Darajani, apite soko lililofunguliwa mwaka 1904, aendelee mashariki mpaka ghorofa za Michenzani na vichochoro vya Kikwajuni, ambako taarab na siasa za karne ya 20 zililelewa. Kutoka Darajani hadi mzunguko wa Michenzani si mbali kuliko kutoka Darajani hadi Shangani.